Pombe ya ndizi ikichemka kupita kiasi: povu, joto na gesi

Pita Buhigwe siku watu wamekamua ndizi, kisha urudi kesho yake asubuhi. Dumu uliloliacha limetulia jana sasa linanguruma kwa ndani, povu la rangi ya kahawa limepanda hadi mdomoni, limemwagika ubavuni, na nzi wameshapata taarifa. Mwenye pombe atakuambia "inachemka", na si uongo. Lakini kuna kuchemka na kuchemka. Kuna kule kunakokupa pombe nzuri siku ya pili au ya tatu, na kuna kule kunakomwaga robo ya mzigo sakafuni, kunakoharibu ladha, kunakopasua chombo na, mara nyingine, kunakoua mtu. Makala hii inahusu hiyo aina ya pili: inatoka wapi, na utaidhibiti vipi.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Ukanda wote huu wa maziwa makuu unatengeneza pombe ya ndizi kwa namna zinazofanana. Warundi wanaiita urwarwa, Wanyarwanda urwagwa, kule Kagera ni rubisi, Uganda wanasema tonto. Ndizi zinavundikwa hadi ziive, zinamenywa, zinakandwa pamoja na nyasi hadi maji yake yatoke, yanachujwa, yanaongezwa maji kidogo, kisha unatiwa unga wa mtama uliokaangwa. Baada ya hapo binadamu anakaa pembeni. Kazi inayobaki ni ya hamira, viumbe vya seli moja ambavyo huwezi kuviona kwa macho, na ambavyo hukuvinunua dukani: vimo kwenye maganda ya ndizi, kwenye mtama, kwenye nyasi, kwenye mikono yako na hasa kwenye nyufa za chombo ulichotumia wiki iliyopita.

Hamira inakula sukari na kutoa vitu vitatu. Cha kwanza ndicho unachokitaka, yaani alkoholi. Cha pili ni gesi ya kabonidayoksaidi. Cha tatu, ambacho watu wengi hawakihesabu kabisa, ni joto. Na uzito unagawanyika karibu nusu kwa nusu: gramu 180 za glukosi zikiliwa zote, zinatoka gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za gesi. Yaani karibu nusu ya sukari ya ndizi zako inapaa hewani.

Sasa chukua dumu la lita 20, lile la njano. Umetia lita 15 za maji ya ndizi, na tuseme kila lita ina gramu 120 za sukari (maji ya ndizi yasiyoongezwa maji yanaweza kuwa na sukari nyingi kuliko hapo). Hiyo ni kilo 1.8 ya sukari. Ikiliwa yote, inatoka gesi ya karibu gramu 880. Usawa wa bahari, kwenye nyuzi 20, hiyo ni kama lita 480. Huku juu kwenye vilima, mita 1,500 hivi, kanieneo ya hewa ni ndogo, kwa hiyo gesi ileile inatanuka zaidi: lita 550 hadi 600. Dumu moja, gesi ya madumu karibu 30. Ikitoka polepole kwa siku tatu, nne, hata huisikii. Ikiamua kutoka nyingi usiku mmoja, ndiyo hiyo ngurumo.

Kwa hiyo swali si kama gesi itatoka. Itatoka tu. Swali ni itatoka kwa kasi gani, na itapitia wapi.

Tuanze na kasi, maana hapo mkosaji mkubwa ni joto. Hamira, kama viumbe wengi wadogo, hufanya kazi haraka kadiri joto linavyopanda, mpaka kikomo chake. Kati ya nyuzi 15 na 30, ukiongeza nyuzi 10 kasi inakaribia kuzidi maradufu. Ikivuka 35 inaanza kuteseka, na ikikaribia 40 nyingi zinashindwa kazi. Lakini kumbuka kwamba hamira yenyewe inazalisha joto. Kilo moja ya sukari inayochachuka inatoa kilojuli 550 hadi 600. Kwa lile dumu letu la lita 15 hiyo ni takriban kilojuli 1,000, na kama joto lote lingebaki ndani, pombe ingepanda nyuzi 15 hivi juu ya pale ilipoanzia. Ulianza na nyuzi 22, unaelekea 37.

Unaona mtego ulipo? Hamira inafanya kazi, inapasha pombe. Pombe ikipata joto, hamira inafanya kazi haraka zaidi, inapasha zaidi. Ni kama moto wa nyasi unaojiletea upepo wake wenyewe. Pombe inayoonekana "kurukwa na akili" mara nyingi haina laana wala kijicho cha jirani. Imeshindwa kupoa, basi.

Na sisi tunaisaidia ishindwe kupoa. Usiku wa Buhigwe una baridi, hasa Juni na Julai, kwa hiyo watu wanaweka chombo karibu na jiko, wanakizungushia majani makavu ya migomba na mablanketi. Jioni ya kwanza hilo ni sawa kabisa, maana hamira inahitaji kuamka. Tatizo ni kuyaacha mablanketi baada ya kuamka. Pombe ikishaanza kunguruma haihitaji tena joto lako, ina lake.

Ukubwa wa chombo nao una neno. Mtu aliyezoea madumu akipata pipa la lita 200 anashangaa: mapishi yaleyale, ndizi zilezile, lakini pombe imetoka kali ya ajabu, ina harufu kama ya rangi ya kupakia ukuta. Sababu ni hesabu ya darasani. Chombo cha umbo lilelile kikiwa na ujazo mara 10, ngozi yake ya nje haiongezeki mara 10, inaongezeka mara 4.6 tu. Joto linazalishwa na ujazo wote lakini linatoka kupitia ngozi. Kwa hiyo kila lita ndani ya pipa ina chini ya nusu ya nafasi ya kupoa iliyo nayo lita ndani ya dumu. Na ile harufu? Hamira iliyofanya kazi kwenye joto kali hutoa kwa wingi alkoholi nyingine nzito zaidi ya ile ya kawaida, na hizo ndizo zinazochoma koo. Hapohapo niseme jambo linaloulizwa sana: povu jingi si dalili ya methanoli. Methanoli kidogo iliyomo kwenye pombe za matunda inatokana na pektini ya tunda lenyewe, haihusiani na ukali wa kuchemka.

Dawa ya joto ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, na haihitaji umeme. Chukua gunia la katani au kitambaa kizito, lilowe maji, livike dumu, weka kwenye kivuli penye upepo, na hakikisha gunia halikauki. Maji yakikauka kwenye gunia yanabeba joto, na yanabeba jingi: lita moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na kilojuli 2,400 hivi. Linganisha na zile 1,000 za dumu zima. Yaani chini ya nusu lita ya maji ya kukauka, kwa hesabu ya karatasi, inatosha kubeba joto lote la pombe hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Kiangazi hewa ikiwa kavu inafanya kazi vizuri sana. Masika, hewa imejaa unyevu na gunia halikauki, utapata nafuu kidogo tu. Hapo bora ugawe pombe kwenye vyombo vidogo, au dumu ulikalishe ndani ya beseni la maji. Maji hayo yaishie nje ya dumu. Kumwaga maji ya baridi ndani ya pombe ili "kuituliza" ni ushauri ninaousikia sana na siupendi: unapunguza nguvu ya pombe, na kama maji hayakuchemshwa umeikaribisha bakteria wapya kwenye karamu.

Sasa tuje kwenye mtama. Unga ule unafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja: unaleta hamira na bakteria wake, unaipa hamira virutubisho ambavyo ndizi ni maskini navyo, unatoa rangi na ladha. Lakini pia ni punje. Fanya jaribio: fungua soda, mimina glasi, tia kijiko cha chumvi au sukari. Inafura na kumwagika, ingawa hujaongeza gesi yoyote. Gesi ilikuwa imeyeyuka humo ndani inatafuta mahali pa kushika ili itengeneze kiputo, na kila punje ni mahali pa kushika. Pombe iliyo katikati ya kuchemka imejaa gesi iliyoyeyuka namna hiyohiyo. Ukiona inachelewa kidogo ukaitupia gao la unga, au ukaikoroga kwa nguvu, au ukalitikisa dumu kusikiliza kama "imeiva", umefanya kilekile ulichofanya kwenye soda, ila sasa ni lita 15. Unga wote utie mwanzoni, siku ya kukamua. Baada ya hapo acha. Nyasi na machicha yaliyoponyoka kwenye kuchuja nayo yanapanda juu na kutengeneza kizibo kinachobana povu, kwa hiyo chuja mara mbili ukiweza. Ni dakika kumi za kazi.

Na acha nafasi. Dumu la lita 20 lisivuke lita 15, na kama juzi tu ulitumia chombo hichohicho bila kukikwangua (maana yake umeanza na jeshi zima la hamira iliyo macho) bora hata 13. Mtu anayejaza hadi shingoni ili apate lita tano zaidi ndiye yuleyule ambaye kesho atazipiga deki.

Mpaka hapa tumeongelea hasara. Kuanzia sasa tunaongelea hatari.

Povu likimwagika, mkono wa mtu wa kwanza unakwenda kwenye kifuniko. Ni silika: kitu kinatoka, zuia. Usifunge. Soda ya kawaida ina gramu 7 hivi za kabonidayoksaidi kwa lita, na chupa yake imeundwa kwa kazi hiyo. Ikipigwa na joto la mchana, shinikizo la ndani linafika karibu mara mbili ya tairi la gari dogo. Maji yetu ya ndizi yakichachuka yote yanatoa gramu 59 kwa lita. Mara nane ya soda! Hata ukisubiri mpaka sukari imekwisha karibu yote na imebaki sehemu moja tu kati ya nane, ukifunga hapo umetengeneza soda ndani ya chombo kilichoundwa kwa ajili ya mafuta ya kula. Chupa ya kioo ni mbaya zaidi, maana dumu hufura kwanza likakuonya, kioo hakikuonyi.

Ukikuta dumu limeshafura kama kitambi, usilitikise, usilipeleke juani, usiinamishe uso juu yake. Lilaze kitambaa kizito juu ya kifuniko, simama pembeni, zungusha kidogo mpaka usikie inapumua, kisha subiri. Zungusha tena. Ukifungua kwa mkupuo pombe itakufuata mpaka darini.

Wazee walikuwa na jibu zuri la suala la kifuniko. Chombo kilichochongwa kwenye gogo kama mtumbwi, ambacho sehemu nyingi za ukanda huu bado kinatumika, hufunikwa kwa majani ya migomba yaliyopangwa juu ya mengine. Gesi ikizidi inayainua majani kidogo inatoka. Ikipungua yanalala tena, na nzi hapiti. Hicho ni kifaa cha njia moja, kimefanya kazi karne na karne kabla ya Louis Pasteur kuonyesha miaka ya 1850 kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai. Kwa dumu, njia nzuri ni kutoboa kifuniko, kupitisha mpira unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi ujenzi wanapimia usawa kwa maji, na kuutumbukiza upande wa pili kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka inaguguma, hewa hairudi. Chagua mpira mnene kiasi, unaopitisha kidole kidogo. Mwembamba kama wa dripu utazibwa na povu na unga usiku wa kwanza, na mpira uliozibwa ni sawasawa na kifuniko kilichofungwa, tena umelala ukijua kiko wazi. Huna mpira? Legeza kifuniko nusu mzunguko, funika kitambaa safi. Inatosha. Na kama pombe inasafiri kwa bodaboda au Noah kwenda mnadani kabla haijatulia, isafiri na kifuniko kilicholegezwa na dumu lililosimama wima, hata kama dereva analalamika kuhusu viti vyake.

Ngurumo ikiisha, kazi inageuka. Ile gesi iliyokuwa inatoka ilikuwa pia inasukuma hewa nje. Ikikoma, hewa inaingia, na pamoja nayo wanaingia bakteria wanaogeuza alkoholi kuwa siki. Ndiyo maana pombe ya ndizi haikai. Siku chache tu imechacha. Iliyochemka kwa fujo inafika mwisho mapema, mara nyingi usiku wakati hakuna anayeangalia, na ukiamka inakuwa imeshakaa wazi saa nyingi. Iliyopozwa inakupa siku moja ya ziada ya kuuza. Kwa mama anayesomesha watoto kwa mapipa mawili ya pombe, siku moja ni pesa.

Nimeacha swali moja: zile lita 550 za gesi, zinakwenda wapi?

Zikitokea uwanjani, upepo unazichukua. Zikitokea ndani, ni habari nyingine. Kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, haina rangi, na inapenda kukaa chini. Ng'ambo ya mpaka, kuzunguka Goma, watu wana neno la Kiswahili kwa mabonde madogo ambamo gesi hii inatoka ardhini karibu na volkano na kutuama alfajiri upepo ukiwa haupo: mazuku. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena. Watu pia wamekufa humo. Na huko Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos lilitapika gesi hiihii usiku, ikashuka mabondeni, wakafa watu wapatao 1,700, wengi wakiwa nyumbani kwao.

Pombe yako si volkano, lakini piga hesabu. Chumba cha mita tatu kwa tatu, kimo mita mbili na nusu, kina lita 22,500 za hewa. Madumu kumi yanayochemka ndani yake yanatoa lita 5,500 na zaidi kwa siku mbili tatu. Dirisha likiwa limezibwa kwa sababu ya baridi, au kwa sababu mwenyewe hataki harufu imfikie mwenye leseni zake, gesi inaweza kufika mahali pabaya. Hewa ya kawaida ina asilimia 0.04 ya kabonidayoksaidi. Ikifika 4 au 5 unahema kama uliyepanda mlima na kichwa kinauma. Ikifika 10 unaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika chache. Na anayelala sakafuni kwenye mkeka, mara nyingi mtoto, yuko pale pale gesi inapoanza kujaa. Usilaze mtu chumba kimoja na pombe inayochemka. Hilo halina "lakini".

Shimo la kuvundikia ndizi nalo ni mazuku mdogo, hata kabla hujakamua tone. Ndizi zinazoiva zinapumua: zinakula oksijeni, zinatoa kabonidayoksaidi. Ukiongeza moto wa kupasha shimo unaongeza kabonimonoksaidi, ambayo ni sumu kwa kiasi kidogo zaidi. Kisha siku ya nne anatumwa kijana mwembamba ashuke akatoe mikungu.

Wengi wanapima shimo kwa kushusha kibatari: kikizimika, hapafai. Hilo ni kweli. Kinachopotosha ni kinyume chake, kwamba kikiendelea kuwaka basi ni salama. Mwali wa moto unazimika oksijeni ikishuka hadi kama asilimia 16. Lakini hewa yenye asilimia 10 ya kabonidayoksaidi bado inaweza kuwa na oksijeni asilimia 19 hivi. Kibatari kinawaka, mtu anaanguka. Na kwa kabonimonoksaidi kibatari hakina habari kabisa.

Kwa hiyo ondoa majani yote ya juu, si ya upande mmoja tu, na uache shimo wazi muda mrefu, upepo ukiwa unavuma, siyo alfajiri kukiwa kimya. Peperusha kwa ungo au tawi kubwa, ukilenga hewa ifike chini. Mikungu inayofikika itoe kwa ndoano ukiwa juu. Akishuka mtu, afungwe kamba kifuani na pawe na wawili juu wanaoweza kumvuta, na aendelee kuongea muda wote akiwa chini. Akinyamaza, avutwe kwa kamba. Anayeruka ndani kumfuata atalala pembeni yake.